Barua kwa Neema kuhusu ugonjwa wa Popi

Mwanangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa jinsi ulivyoiandika nimetambua kwamba hulali vizuri. Unasema daktari wa mifugo huko Dodoma amekuta Popi ana saratani ya sehemu za siri, ile inayoambukizwa mbwa wanapopandana, na anataka kumchoma sindano ya saratani kila wiki, pengine kwa wiki sita. Rafiki yako naye amekusihi umwepushe na hiyo aliyoiita sumu ya hospitali, umpe shubiri, manjano, kitunguu saumu na chakula kisichopikwa, na umtunze kwa tiba inayomtazama mnyama mzima badala ya kutazama uvimbe peke yake. Unaniuliza umsikilize nani, kwa kuwa mimi ni mama yako na pia nimekuwa mtaalamu wa mifugo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Jibu langu ni kwamba Popi achomwe sindano, tena aanze wiki ijayo bila kungoja zaidi. Lile neno la kumtazama mnyama mzima nalikubali kwa moyo wote na nitalirudia huko chini, lakini shubiri, manjano na kitunguu saumu visichukue nafasi ya sindano hata kwa wiki moja. Sitaki uyapokee haya kwa sababu tu yametoka kwa mama yako, kwa hiyo vumilia nikueleze.

Ugonjwa wenyewe ni wa ajabu. Hauletwi na kirusi wala bakteria. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka kwa mbwa mmoja na kujipandikiza kwa mwingine wanapopandana, wanapolambana au wanaponusana. Wataalamu wa vinasaba wamethibitisha kwamba seli hizo, ziwe za Popi au za mbwa wa bara jingine, zote ni uzao wa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Ndiyo maana mahali penye mbwa wengi wanaozurura ugonjwa hauishi. Uliniambia mwezi uliopita kwamba Popi alikuwa anadondosha damu ukadhani yuko kwenye joto, na usijilaumu, kwa kuwa nimewaona wengi wakidhani hivyo hivyo. Joto la mbwa kwa kawaida humalizika ndani ya wiki mbili au tatu; damu ikizidi hapo ni lazima mnyama akaguliwe kwa ndani. Nakuomba umuulize daktari kama alichukua ute wa ule uvimbe akauangalia kwa darubini, kwa maana seli za ugonjwa huu hutambulika vizuri kwa njia hiyo, na dawa nzito kama hii haianzishwi kwa kukisia.

Kama darubini imethibitisha, basi katika huzuni hii kuna habari njema. Miongoni mwa saratani za mbwa, hii ni mojawapo ya zile zinazotibika vizuri zaidi. Dawa iitwayo vinkristini, ikichomwa mara moja kwa wiki, huwaponya mbwa tisa au zaidi katika kila kumi, na mara nyingi sindano nne hadi sita zinatosha. Kuukata uvimbe kwa upasuaji bila dawa hiyo mara nyingi huacha mabaki, nao humea tena. Shubiri na manjano, kwa yote niliyosoma na kuyaona, havijawahi kuumaliza.

Sasa nikwambie jambo ambalo rafiki yako huenda halijui. Vinkristini inatoka kwenye mmea. Ni yale maua madogo ya petali tano, mengine ya waridi na mengine meupe, yanayostahimili kiangazi hata ukisahau kuyamwagilia, ambayo bibi yako aliyapanda kando ya kibaraza na mimi nikayaacha mpaka leo. Kwa jina la kitaalamu yanaitwa Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska. Huko Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake kama chai ya kutibu kisukari, na mwaka 1952 majani hayo yakamfikia mtafiti Robert Noble nchini Kanada. Yeye na mwenzake Charles Beer waliwapa panya dawa ya majani hayo wakitarajia sukari ishuke, lakini sukari haikushuka. Walichokiona kwa panya waliochomwa sindano ni kwamba chembechembe nyeupe za damu zilipungua kupita kiasi hata panya wakafa kwa maambukizi. Kwa kuufuata ufa huo wakapata vinblastini, waliyoitangaza mwaka 1958, na muda si mrefu watafiti wengine wakaitoa vinkristini katika mmea huo huo, nayo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963 kwa ajili ya binadamu.

Naipenda habari hii kwa sababu inawapa haki wote wawili, rafiki yako na daktari. Wazee wa Jamaika walihisi kweli kwamba mmea ule una nguvu, ila chai yao haikuweza kuwaonyesha nguvu hiyo inafanya nini, wala kipimo gani kinaponya na kipi kinaua. Rafiki yako hakukosea kuiita dawa hii sumu. Ni sumu iliyopimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wa mbwa, na kinachomlinda Popi ni hicho kipimo. Kwa hiyo usije ukachuma majani ya kibaraza ukamchemshia ukidhani umeepuka hospitali, kwa kuwa hapo utampa sumu ile ile pamoja na nyingine nyingi, bila kujua kiasi.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kukusimulia. Mwaka 1991, nikiwa na miaka miwili tu kazini huko Kilosa, nilikuwa na mbwa aliyeitwa Jeki. Chuoni tulifundishwa sana habari za ng'ombe na mbuzi, ndigana na kimeta, lakini habari za mbwa kidogo mno. Jeki alishikwa na homa, akakataa chakula, na nilimkuta na kupe tele masikioni. Nikamchemshia mwarobaini, nikamnywesha asubuhi na jioni, na baada ya siku kumi akapona kabisa. Nilijisifu kwa majirani, na wawili wao wakawapa mbwa wao mwarobaini kwa ushauri wangu. Mwaka uliofuata Jeki akaanza kutokwa damu puani, ufizi ukawa mweupe kama karatasi, na hakumaliza wiki mbili. Baadaye ndipo nikasoma kwamba homa ile ya kupe, inayoletwa na bakteria aitwaye Ehrlichia canis, huanza kwa homa ya wiki chache, kisha hutulia yenyewe hata usipompa mnyama chochote, ikajificha mwilini kwa miezi au miaka, na kwa baadhi ya mbwa hurudi ikiwa imeshaharibu uboho unaotengeneza damu. Doksisaiklini, dawa ya bakteria, kwa siku 28, ikitolewa mwanzoni, ingetosha. Mwarobaini haukumuua Jeki. Kilichomuua ni mwaka mzima nilioupoteza kwa kuamini kwamba ameshapona. Tangu hapo, mtu akiniambia dawa fulani ilimponya mnyama wake, huwa namuuliza kwanza ule ugonjwa huendaje ukiachwa wenyewe.

Kuhusu yale uliyoshauriwa, kitunguu saumu nakukataza kabisa, pamoja na kitunguu maji, kibichi au kilichopikwa, kwa kuwa huvunja chembechembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na Popi ameshapoteza damu ya kutosha. Nyama mbichi iache mpaka matibabu yaishe, kwa sababu vinkristini itashusha chembechembe nyeupe na bakteria wa nyama mbichi watakuta mlango wazi. Shubiri itamharisha. Manjano kidogo kwenye chakula hayatamdhuru, lakini hayatamtibu. Akionekana ana maumivu usimpe dawa yako ya maumivu, hasa diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Na kwa kuwa una paka pia, kumbuka kwamba ini la paka haliwezi kuisafisha parasetamoli, hata kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Niliwahi kuletewa paka wa namna hiyo, uso umevimba na ufizi umekuwa wa kahawia, na nilichelewa.

Lakini wapo madaktari wa mifugo, tena waliosoma sana, wanaochanganya njia hizi kwa uangalifu: wanatumia sindano za Kichina kwa mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo, asali safi kwenye vidonda vya ngozi, na mazoezi ya kuchua misuli. Sina ugomvi nao hata kidogo, maadamu hawaachi tiba iliyothibitishwa. Huko Uingereza, baraza linalosimamia madaktari wa mifugo lilitamka mwaka 2017 kwamba tiba kama homeopathia, ile ya dawa zilizozimuliwa mno kwa maji, isichukue nafasi ya matibabu yenye ushahidi, na mimi nashika hapo hapo.

Kumtazama mnyama mzima nilijifunza kwa Kijivu, yule paka uliyekua naye. Figo zake ziliposhindwa mwaka 2011, hakukuwa na sindano ya kumponya, kwa kuwa dalili huonekana wakati sehemu kubwa ya figo imeshakufa. Unakumbuka tulivyokuwa tukimwekea maji ya dripu chini ya ngozi, mililita mia moja, baada ya kuyapasha moto kidogo kwenye beseni ili yasimshtue? Dawa ya hospitali ndiyo iliyoondoa kichefuchefu, lakini aliyemfanya ale ni wewe, kwa kumpashia supu ya samaki na kukaa naye sakafuni. Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, alitoa mwaka 2004 kipimo cha mambo saba: maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku nzuri bado ni nyingi kuliko mbaya, kila moja likipewa alama hadi kumi, na jumla ikizidi 35 mnyama bado ana maisha ya kuendelezwa. Nilikuwa nikiandika alama za Kijivu nyuma ya kalenda ya jikoni. Ziliposhuka chini ya 30 kwa siku nne mfululizo nilimwita mwenzangu aje kumlaza kwa dawa ya usingizi wa mwisho, nawe ulikuwa shuleni. Nisamehe kwa kutokusubiri. Popi hajafika huko, wala hakaribii.

Kwa wiki hizi sita, basi, mpikie wali laini na kuku bila kitunguu wala viungo, mtandikie mahali pakavu mbali na kelele, na umtembeze taratibu asubuhi. Kabla ya kila sindano damu yake ipimwe, na chembechembe nyeupe zikiwa chini, daktari ataahirisha. Usimlaumu kwa hilo. Nunua kipimajoto: mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2, na akizidi 39.5 katika wiki ya sindano au akikataa chakula siku nzima, mpeleke siku hiyo hiyo. Siku mbili tatu baada ya sindano safisha mkojo na kinyesi chake kwa glavu, na wifi yako, maadam ni mjamzito, asiviguse kabisa. Akishapona afungwe kizazi, na umwambie jirani yako amkague yule dume wake, maana huenda naye anao.

Jambo moja limebaki. Vinkristini lazima iingie ndani ya mshipa. Ikivuja pembeni huunguza nyama na kuacha donda baya, hivyo mbwa asitikisike hata kidogo wakati wa kuchomwa. Najua wewe ukiona sindano unageuza uso. Mwambie daktari apange Jumatatu. Nitapanda treni ya SGR Jumapili mchana kutoka Morogoro, na mguu wa Popi nitaushika mimi.

Mama yako