Kupanda mlima mrefu kwa baiskeli: anza polepole kuliko unavyotaka

Mlima mrefu usio mkali ndio unaowaponza wengi. Ule wa ghafla unauona kwa macho, unajipanga. Huu wa asilimia 4 au 5, unaozunguka katikati ya mashamba na misitu, mwanzoni haufanani hata na mlima. Hewa safi, miguu ina nguvu, unajikuta unakanyaga kana kwamba uko tambarare. Kufika kilomita ya tatu, mapaja yanawaka moto na kilele bado hakionekani.

Asilimia 5 maana yake kila kilomita moja unapanda mita 50. Kilomita 10 ni mita 500, na mzigo wote huo, wewe na baiskeli, unapandishwa na miguu yako. Kwa mwendo wa mlimani upepo hausumbui sana. Kazi karibu yote ni kuinua uzito. Kwa hiyo toa kwenye begi kila usichohitaji, isipokuwa koti.

Mimi naangalia pumzi, si spidi. Nikiweza kusema sentensi nzima bila kuikata, niko sawa. Maneno yakianza kutoka mawili mawili, nimeshazidisha. Dakika 15 za kwanza nenda taratibu mpaka uone haya. Wanaokupita waache wapite. Baadhi yao utawakuta mbele wameinamia usukani, wakijifanya wanapiga picha.

Gia nyepesi si aibu. Ibadilishe mapema, kabla miguu haijakwama: legeza mkanyago kidogo, badilisha, usikie mnyororo umekaa vizuri kwenye meno, ndipo uongeze nguvu. Ukibadilisha huku umekandamiza pedali kwa uzito wako wote, mnyororo unalalamika, na unaweza kuruka au kukatika. Nalenga mizunguko 70 hadi 80 kwa dakika. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15. Ukipata 18 mpaka 20, endelea hivyo hivyo.

Kaa kwenye siti muda mwingi, mabega yamelegea, mikono ising'ang'anie usukani. Kusimama kunapumzisha mgongo, ila kunakula nguvu, kwa hiyo nasimama kwa muda mfupi tu, tena baada ya kuweka gia moja nzito zaidi. Kwenye kona kali, upande wa ndani ndio wenye mwinuko mkubwa zaidi. Pita upande wa nje wa njia yako, bila kuingia njia ya wanaoshuka.

Maji kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijakushika. Na mandhari je? Simama uyatazame, hukwenda kule kuangalia lami. Ila weka gia nyepesi kabla hujasimama, la sivyo kuondoka tena kwenye mwinuko itakuwa kazi. Ukikwama, iweke baiskeli mshazari barabarani, kama hakuna magari, uanze hivyo.

Kileleni jasho linapoa haraka. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mteremko unaongeza upepo juu yake. Vaa koti ukiwa bado una joto, maana vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki sawasawa. Breki zenyewe usizibane mfululizo: punguza mwendo kabla ya kona, kisha achia, rimu ipate kupoa.