Ukuta wa Kale Bustanini: Simiti Irudisheni Dukani

SWALI: Sisi ni kikundi cha kujitolea kinachotunza bustani moja ya umma hapa kisiwani Mombasa. Ndani yake mna ukuta wa kale wa mawe ya matumbawe unaomomonyoka. Tumechangisha pesa, tumenunua simiti, na fundi yuko tayari. Tuanze?

JIBU: Msianze. Bustani ni ya kaunti, na urithi unasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ukuta ukiwa chini ya ulinzi wa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kuugusa bila kibali ni kosa, hata kwa nia njema. Peleka barua kote kuwili, pamoja na picha za ukuta hatua kwa hatua.

Simiti nayo irudisheni dukani. Tumbawe lina vitundu. Hunyonya maji yenye chumvi, kisha maji hayo hutokea kwenye maungo ya chokaa, yaani mianya kati ya mawe. Mkiyaziba maungo kwa simiti, maji yatatokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi igande humo na kulipasua. Miaka michache baadaye simiti imejitokeza nje kama mbavu, jiwe limeliwa.

Tumieni chokaa, kama waliojenga Ngome ya Yesu tangu 1593. Chokaa mbichi, yaani ambayo haijazimwa kwa maji, hutiwa ndani ya maji, si maji juu ya chokaa, maana huchemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima. Iacheni chini ya maji wiki kadhaa mpaka iwe laini. Kisha changanyeni karai moja la chokaa hiyo kwa matatu ya mchanga wa mto uliooshwa. Wa ufuoni una chumvi ile ile mnayoikimbia. Kwangueni maungo kwa kina cha mara mbili ya upana wake, mloweshe ukuta tangu jana yake, mjaze kwa tabaka zisizozidi sentimita moja na nusu. Funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7 au zaidi: jua la kaskazi likikausha chokaa kabla haijashika, itapukutika kama unga. Masika nayo msiijaribu.

Mche ulioota ukutani msiung'oe, mizizi itatoka na mawe. Ukateni, kisha muue kisiki.

Hiyo ni kazi ya fundi anayeijua chokaa. Kazi ya kikundi ni mkataba na kaunti unaosema nani anafanya nini, hesabu safi, na fedha ya matunzo. Wafadhili wanapenda kukata utepe. Kuzibua mfereji hakuna anayekugombania, na mfereji ulioziba ndio chanzo cha maradhi mengi ya kuta. Anzeni hapo.

SWALI: Tulipochimba mashimo ya miche tulipata vigae vya vyungu vya kale. Tuviweke afisini kwetu?

JIBU: La. Acheni kuchimba, viacheni vilipo, pigeni picha na mtie alama mahali penyewe. Sheria inawapa siku 7 kuwaarifu Makumbusho, mkieleza ni wapi hasa na vilipatikanaje. Kigae kilichohamishwa hakina tena habari ya kumpa mtaalamu. Miche ipandeni upande mwingine.