Mgonjwa mwenye mpira wa kutolea mkojo akisema amebanwa, mwaminini

Wadogo zangu mnaoanza zamu, nimechoka kusikia jibu hili chumba cha kuzindukia: "Si una mpira wewe? Mkojo unatoka wenyewe!" Mtu ndiyo kwanza dawa ya usingizi inamtoka, anataka kushuka kitandani aende chooni, nanyi mnamkemea kama anadeka. Puto la ncha ya mpira, linaloushikilia usitoke, limekaa kwenye shingo ya kibofu na msuli unajikaza kulisukuma. Amebanwa kweli.

1. Kagueni mpira kabla ya kushika sindano. Hili nimelijua kwa aibu. Usiku mmoja mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa henia alilalamika amebanwa. Nikampa dawa ya maumivu. Akarudia, nikamwambia atulie. Mfuko ulikuwa hauna kitu, nami kwa ujuaji wangu nikaandika kwenye faili kwamba amepungukiwa maji, nikaongeza kasi ya dripu! Kibofu kimejaa, mimi namwagia juu yake. Mwenzangu aliyekuja kunipokea zamu ndiye aliyefunua shuka, akagusa chini ya kitovu, akakuta pamevimba na pagumu. Mrija wa mfuko ulikuwa umekunjika chini ya paja. Alipounyoosha, mkojo ulishuka mpaka nikatafuta mfuko mwingine. Mzee akanitazama: "Sista, si nilikuambia?"

2. Fungeni mpira pajani kwa plasta, uachiwe nafasi kidogo, usivutike kila anapogeuka. Mfuko ukae chini ya kibofu, usiguse sakafu.

3. Saizi ya mpira. Kwa watu wazima wengi namba 14 au 16 inatosha. Juzi mkojo ulivuja pembeni ya mpira, mmoja wenu (anajijua) akakimbilia 20. Mpira ukiwa haujaziba, kuvuja huko mara nyingi ni kibofu kinachojikaza, na mpira mnene unakichokoza zaidi. Puto lijazwe maji ya sindano kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mpira. Salaini huacha chembe za chumvi, na siku ya kutoa puto litagoma.

4. Njia iko wazi na bado anateseka? Mwiteni daktari. Oksibutinini au tolterodini hutuliza msuli wa kibofu. Mofini peke yake mara nyingi haifui dafu. Ila kwa wazee dawa hizo hukausha kinywa na huweza kuwachanganya akili, kwa hiyo msizigawe kama peremende.

5. Mwambieni kabla ya upasuaji: "Ukiamka utahisi mkojo, ni mpira." Sentensi moja tu, na hamuisemi!

6. Utoeni. Kila raundi ya asubuhi ulizeni kwa sauti kama bado unahitajika. Wengi hawauhitaji baada ya saa 24. Daktari akikunja uso, mwacheni akunje. Waliopasuliwa tezi dume au kibofu, hao msiwaguse bila amri yake. Ukishatoka, fuatilieni: saa 6 zikipita hajakojoa, pimeni kibofu, msimwachie zamu ijayo.