Kwa mwanangu, kuhusu snuka na shamba la Nanguruwe

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, ila mama yako goti linamsumbua. Ujumbe wako nilimsomea, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Unauliza kama mtu anaweza kuendesha maisha kwa snuka, huo mchezo wa kutumbukiza mipira mashimoni kwa fimbo, na kama inawezekana, niuze mikorosho ya Nanguruwe ukajaribu bahati Uingereza. Umenitolea na mfano wa Ding Junhui, yule mchezaji wa Kichina, kwamba baba yake aliuza nyumba kule China ili mtoto acheze. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu unanikatisha.

Maisha yanaendeshwa, ndiyo. Bingwa wa dunia hupewa pauni 500,000, zaidi ya shilingi bilioni moja kwa hela yetu. Lakini hizo ni za mtu mmoja kwa mwaka. Wachezaji wa kulipwa kwenye mzunguko mkuu wa mashindano ni kama 128 hivi, na mshahara hawana. Kibali cha kucheza humo unapewa cha miaka miwili. Ikiisha, wanaangalia zawadi ulizokusanya, na kwa kawaida usipokuwamo kwenye 64 bora unarudi nje kugombea upya. Nauli, hoteli, mahali pa mazoezi, vyote vinatoka mfukoni mwako. Wiki hii uko Wales, ijayo Ujerumani, halafu China. Ukitolewa mapema unabeba fimbo zako unaondoka, na hoteli umeshalipa.

Sasa nikwambie nilichokiona mwenyewe. Mwaka 1985, mwishoni mwa Aprili, nikiwa baharia, meli yetu ilikuwa imefunga bandari ya Hull, Uingereza. Kwenye nyumba ya mabaharia televisheni ilikuwa moja, na usiku ule hakuna aliyekwenda kulala. Ilikuwa fainali ya dunia kutoka ukumbi wa Crucible, Sheffield: Steve Davis, bingwa mtetezi, na Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini, yule wa miwani mikubwa. Davis alianza kwa kuongoza fremu, yaani raundi, nane bila. Wakaja kufungana 17 kwa 17. Fremu ya mwisho peke yake ilikula zaidi ya saa nzima, ikavuka saa sita usiku, na watu milioni 18.5 Uingereza wakawa bado macho. Mezani ilibaki mipira minne ya pointi, kahawia, buluu, pinki na mweusi, na Taylor alihitaji yote minne. Akatumbukiza mitatu. Kwenye mweusi akakosa huyu, akakosa yule. Mwishowe Davis akapata nafasi ya kuukata, yaani kuugonga ubavuni uingie, akaukata mno, ukapita pembeni ya shimo. Taylor akainuka, akaumaliza. Siku zote mbili za fainali hakuwahi kuongoza mpaka mpira ule.

Wenzangu walikuwa wanamshangilia Taylor. Mimi jicho langu lilikuwa kwa Davis, kitini. Mwenzako akiwa mezani huna la kufanya: huzuii, hukabi, huruhusiwi hata kusema neno. Umevaa kizibao na tai ya kipepeo, una glasi yako ya maji, unatazama mtu akichukua hela yako ya kodi ya nyumba. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Kupiga mpira wanajua wengi. Ronnie O'Sullivan, bingwa wa dunia mara saba, amesema hadharani jinsi alivyosumbuliwa na sonona. Alex Higgins alichukua ubingwa mwaka 1972 na 1982, akafa fukara Belfast mwaka 2010.

Wewe puli unaijua, sikatai, vijana wa hapa Mikindani walikuwa wanakukwepa. Lakini meza ya snuka ni futi 12 kwa 6. Kitambaa chake kina vinyweleo vinavyolalia upande mmoja, ukipiga polepole kwenda kinyume navyo mpira unakengeuka. Chini ya sleti, lile bamba la jiwe lililo chini ya kitambaa, wanaweka vipasha joto kitambaa kisishike unyevu. Meza ya kijiweni kwetu, pepo za baharini zikivuma, kitambaa kinakuwa kama blanketi, na wewe umezoea kupiga kwa nguvu. Kule nguvu zitakuponza.

Kuhusu Ding: baba yake aliuza nyumba kwa ajili ya mtoto. Mwaka 2005 kijana alishinda China Open akimfunga Stephen Hendry, ndiyo kwanza ametimiza miaka 18. Wewe una 26. Na pamoja na yote hayo, Ding aliishia fainali ya dunia, mwaka 2016, akafungwa na Mark Selby. Mchina wa kwanza kuwa bingwa ni Zhao Xintong, mwaka 2025, naye alikuwa ametoka kufungiwa kucheza kwa miezi 20 kwa mambo ya kubeti na upangaji wa matokeo. Wachina kumi walifungiwa mwaka 2023, wawili kati yao maisha. Nalitaja hili kwa sababu najua mikeka unayotuma kila Jumamosi.

Shamba siuzi. Na Uingereza huhitaji kuanzia huko. Ubingwa wa Afrika umekuwa ukimpa mshindi kibali cha mzunguko mkuu. Mohamed Ibrahim wa Misri na Amine Amiri wa Morocco wamepita njia hiyo. Hela ya korosho ya msimu huu, mnada ukishalipa, nitakutumia ya kulipia meza hapo kwenye klabu unayokwenda. Cheza peke yako. Panga mipira nyekundu yote 15 mstari mmoja katikati, ya rangi nyingine mahali pake, uone unakusanya pointi ngapi kabla ya kukosa. Ukianza kupitisha mia mara kwa mara, na mtu wa klabu akanithibitishia, tutazungumza nauli ya mashindano ya Afrika. Kazini usiache.

Mama yako anasema ukija Idi mletee ile dawa ya kuchua goti. Na vijana wa hapa wanakukumbusha deni lao la soda.

Baba yako