Re: Najivuta mara 12, mbona sipandi juu ya chuma?
Ssebo (bwana), unajivuta mara 12 lakini kidevu kufika kwenye chuma hakutoshi kuupandisha mwili juu yake. Unahitaji kujivuta hadi kifua kifike kwenye chuma, kisha kujisukuma juu hadi mikono inyooke. Na kwa kuwa umesema bega limeanza kuuma, acha kwanza kurusha miguu ili kujiinua. Likiendelea, muone daktari.

Bega likitulia, panda juu ya chuma kwa kutumia stuli, halafu shuka polepole, sekunde 5 hivi, mara 3 tu. Kesho yake pumzika. Tumbo likazwe, mwili ujipinde kidogo kama mtumbwi, kidole gumba kizunguke chuma.

Umesema unatumia goli la uwanja hapo Ntinda, Kampala. Kama halijachimbiwa chini usilining'inie kabisa, linaweza kukupindukia. Na mvua ikinyesha, futa chuma kwanza, au nenda nyumbani tu.