Mwenyekiti hawezi kubadili masharti ya SACCOS peke yake
Pole sana dada uliyeuliza kuhusu mwenyekiti wa SACCOS yenu (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), ila hapo amekosea kabisa. Kumtoa makamu wake kwenye nafasi yake katika kikao cha bodi halafu aseme eti masharti (yaani kanuni za chama) yamebadilishwa, hapana! Kwa SACCOS za Tanzania tuna Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, masharti yanabadilishwa na mkutano mkuu, alafu lazima Mrajis (msajili wa serikali wa vyama vya ushirika) ayasajili ndo yaanze kutumika, bila hivyo yale ya zamani bado yapo palepale. Na bodi imechaguliwa na wanachama kwa hiyo wenye kumtoa mtu ni wanachama. Ombeni nakala ya masharti yenye muhuri wa Mrajis na muhtasari wa kikao, wakigoma mwandikieni afisa ushirika wa wilaya, kwa barua, msipige simu tu.