Maswali na majibu: Droni, vifaru na majeshi yanayojifunza

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja. Watu wameona huko Ukraine droni ya bei ya simu ikichoma kifaru cha mamilioni ya dola, na wanauliza majeshi yataishije na mabadiliko haya. Nimechukua maswali matano.

Je, zama za kifaru zimekwisha? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili liliulizwa pia Oktoba 1973. Tarehe 6 mwezi huo jeshi la Misri lilivuka Mfereji wa Suez kuwashambulia Waisraeli, na askari wake wa miguu walibeba makombora madogo ya Kisovieti ya kupiga vifaru, yanayoongozwa kwa waya mwembamba. Waisraeli walikuwa bado wamelewa ushindi wao wa 1967 dhidi ya nchi za Kiarabu. Walipeleka vifaru mbele bila askari wa miguu wala mizinga ya kutosha, vikateketea. Ndege zao nazo hazikuweza kuwasaidia vizuri, kwa kuwa Wamisri walikuwa wamepanga makombora ya kutungulia ndege ng'ambo ya mfereji.

Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Katika siku chache askari wa vifaru waligundua kuwa anayeongoza kombora hana budi kulikazia macho mpaka lifike. Wakaanza kumimina risasi na mabomu alikojificha, ili alazimike kuinamisha kichwa. Usiku wa tarehe 15 walianza kuvuka mfereji wenyewe, na vifaru vikaenda kuvunja vituo vile vya makombora ardhini. Ndege zikapata njia. Kwa hiyo kifaru kilichoonekana kimepitwa na wakati ndicho kilichokwenda kuzifungulia ndege anga.

Tofauti ya Ukraine ni kasi. Droni huongozwa kwa mawimbi ya redio; adui anayavuruga; mrushaji anahamia masafa mengine ya redio; adui anayafuata huko huko. Mwaka 2024 Warusi walianza kutumia droni zinazofungua uzi mwembamba wa kioo nyuma yake, kama ule unaoleta intaneti majumbani, na hizo hazivurugiki kwa mawimbi. Sasa barabara za karibu na mstari wa mbele zimefunikwa nyavu kama za wavuvi ili kunasa droni. Kifaru bado kinatumika, mara nyingi kikiwa kimejificha na kupiga kwa mbali. Kinachotembea peke yake mchana kweupe hakifiki mbali.

Mwalimu wetu anasema mwaka 1940 Ufaransa ilikuwa na vifaru vizuri kuliko vya Ujerumani. Ilishindwaje kwa wiki sita? (Mwanafunzi, Dodoma)

Mwalimu wako yuko sahihi, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Vifaru vingi vya Kifaransa vilikuwa na chuma kinene na mzinga mzuri. Lakini ingia ndani ya kifaru kama Somua S35. Kamanda amekaa peke yake katika kile kichwa kinachozunguka: yeye anatafuta adui, yeye anashindilia risasi, yeye analenga na kupiga, na bado anatakiwa aongoze wenzake. Ndani ya Panzer III ya Wajerumani, kichwani walikaa watatu. Mmoja alishindilia, mmoja akalenga, na kamanda akabaki na kazi ya kutazama na kuamua.

Ongeza redio. Vifaru vingi vya Kifaransa havikuwa nayo, ilhali Guderian, jenerali wa vifaru wa Ujerumani aliyewahi kutumikia katika vikosi vya redio, alishikilia kwamba vifaru vyake lazima visikilizane vikiwa mbioni. Kule juu kabisa, Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, aliongoza vita akiwa katika ngome ya Vincennes, makao yasiyokuwa na redio. Amri zilipelekwa kwa simu na kwa pikipiki.

Mizizi yake inarudi nyuma zaidi. Baada ya Ujerumani kushindwa mwaka 1918, Jenerali wake von Seeckt aliunda kamati zaidi ya 50 za maofisa, akawataka waandike bila kuficha ni hali zipi vitani hazikutarajiwa na ni mbinu zipi zilifaa au hazikufaa. Jeshi lake lilibanwa na mkataba wa Versailles lisizidi askari 100,000 na lisiwe na kifaru hata kimoja, lakini lilikuwa na ruhusa ya kukosoana. Ufaransa ilikuwa imeshinda vita ile, na mwaka 1935 Gamelin aliamuru makala na mihadhara ya maofisa kuhusu mbinu za vita ipitishwe kwanza na makao makuu. Nalisema hili bila kusahau kwamba ustadi wa Wajerumani ulikuja kutumikia uovu mkubwa. Lakini ukiniuliza Ufaransa ilianza kushindwa lini, nitakutajia mwaka huo wa 1935 kabla ya Mei 1940.

Hapa kwetu tuliona droni za Umoja wa Mataifa mwaka 2013. Je, ndizo zilizowashinda waasi wa M23? (Msomaji, Goma)

Hapana, na tarehe zinatosha kuthibitisha. M23 walishindwa mwanzoni mwa Novemba 2013. Droni za MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Kongo, zisizo na silaha, zilizinduliwa Goma tarehe 3 Desemba. Kilichobadilika kabla ya hapo ni amri. Machi 2013 Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama liliruhusu brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kuvishambulia vikundi vyenye silaha, jambo ambalo walinda amani hawakulizoea, na jeshi la Kongo likapigana likiungwa mkono nayo. Droni zilikuja kuwa na faida yake. Mei 2014 moja iliona mashua imezama Ziwa Kivu, na watu zaidi ya kumi wakaokolewa.

Nchi isiyo na fedha za teknolojia ifanye nini? (Mtoto wa askari mstaafu, Bukoba)

Muulize mzee wako habari za Lukaya, Uganda, Machi 1979. Brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasio na uzoefu, ilitimuliwa na maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Usiku ule ule ikapangwa upya, na Brigedi ya 208 ikazunguka. Kulipokucha Walibya walishambuliwa mbele na ubavuni. Waliopigana upande wa mbele walikuwa wale wale waliokimbia jana yake. Kilichobadilika kwa usiku mmoja ni mpango. Uwezo huo haununuliwi, unajengwa kwa mazoezi ambayo kamanda mdogo anaruhusiwa kukosea na kuelezwa kosa lake mbele ya wenzake. Wamarekani walipotoka Vietnam walijenga uwanja wa mazoezi wa namna hiyo Fort Irwin, California, ambako baada ya kila pambano la kuigiza kanali na koplo huketi pamoja kuchambua kilichoharibika.

Mwanangu anataka kuingia jeshini. Ajifunze nini mapema? (Mama, Tabora)

Mama yangu, kuendesha droni atafundishwa, na aina atakayofundishwa huenda ikabadilika kabla hajahitimu. Ajifunze umeme na namna mawimbi ya redio yanavyosafiri. Huko Ukraine fundi anayeweza kuchomea waya na kubadilisha antena anatafutwa na kila kikosi. Lakini zaidi ya hayo ajifunze huduma ya kwanza. Droni zinazovizia barabara huzuia magari ya wagonjwa, na majeruhi aliyekuwa afikishwe kwa daktari ndani ya saa moja sasa anaweza kusubiri siku nzima handakini. Anayemweka hai ni mwenzake aliye karibu, anayejua kufunga mkanda wa kuzuia damu na kuandika saa aliyoufunga.